Anti wa Vitabu: Steringi kaondoka, na kurasa hazina kitu

Jamani mwezi huu mmeniamulia. Sijui nani kashusha mzigo wa vitabu vya mitumba maana meseji nilizopata karibu zote ni za wale vampaya wa Stephenie Meyer, na wala si kitabu cha kwanza, ni cha pili, New Moon, kilichotoka 2006, mwaka mmoja baada ya Twilight. Kwa ambaye hajui: kuna binti anaitwa Bella, anahamia kwa baba yake kwenye kamji ka mvua kanaitwa Forks, jimbo la Washington huko Marekani, anampenda mvulana wa darasani kwao anaitwa Edward ambaye kumbe ni vampaya, ila vampaya wa familia yenye adabu zake, damu wanayokunywa ni ya wanyama tu. Hicho cha kwanza, kitamu, kila mtu kakipenda. Cha pili ndo kimewavuruga. Nawaonya mapema, humu nitasema mambo mpaka ya mwisho, kwa hiyo ambaye hajamaliza na hataki kuharibiwa utamu afungue ukurasa wa mapishi.

*Anti shikamoo. Mi nipo Tanga, mwanafunzi wa chuo. Nilinunua New Moon kwa kaka mmoja anapanga vitabu chini pembeni ya stendi, elfu tano, nikafurahi kweli maana Twilight nilikimaliza siku tatu hata kula nilikuwa sili vizuri. Sasa nimefika pale Edward anamwacha Bella msituni, nafungua ukurasa unaofuata nakuta neno moja tu, October, basi, ukurasa wote mweupe. Nafungua, November. Nafungua, December. Nafungua, January. Hakuna kitu Anti! Nikarudi kwa yule kaka nikamwambia kaniuzia kitabu kibovu, tumebishana mpaka watu wakajaa, yeye anasema kurasa zimetimia, mi nasema hadithi haipo, mwisho akanirudishia elfu mbili ili niondoke tu. Hizo sura zilizokosekana nitazipata wapi? Na Edward anarudi? Maana nimejikaza mpaka sura ya 7 simuoni. – Mwenye Kitabu Kibovu*

Marahaba mwanangu. Elfu mbili ya watu irudishe. Kitabu chako ni kizima, hakuna sura iliyokosekana, na hata ukikinunua kipya dukani Chicago utakuta zile zile, Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, neno moja moja. Ndivyo kilivyoandikwa.

Na mimi nakwambia hizo kurasa nne ndo sehemu bora kuliko zote kwenye kitabu kile, na nasema hivyo nikiwa sina mapenzi makubwa sana na uandishi wa huyu mama, kuna mahali anarudia rudia jinsi Edward alivyo mzuri mpaka unataka kumwambia tumesikia. Lakini pale alijua anachofanya. Hadithi nzima anaisimulia Bella mwenyewe kwa mdomo wake. Sasa kama msimuliaji kanyamaza, nani atasimulia? Ile miezi minne hakufa, alikuwa anaenda shule, anapika chakula cha baba yake, anaenda kazini, hata homuwek anafanya. Ila hakuna kitu ndani. Mwandishi mwingine angekuandikia kurasa arobaini za kilio, machozi mto mito, yeye kaandika maneno manne.

Ngoja nikupe yangu. Mwaka niliofiwa na mama nilikuwa na kijiduka, na daftari la mahesabu, kila siku naandika sukari kilo ngapi, unga, mafuta ya taa, nani kakopa. Juzi nahamisha makabati nimelikuta. Machi imejaa mpaka pembeni. Aprili kuna tarehe moja tu, "chumvi 2". Mei hakuna kitu, Juni hakuna kitu, Julai katikati naanza tena kama vile sijawahi kuacha. Na duka nilifungua siku zote hizo, wateja walikuja, hela ilipatikana, watoto walikula. Nilikaa na lile daftari mapajani muda mrefu. Kwa hiyo nilipoziona zile kurasa za kina Bella sikwenda kugombana na mtu.

Sasa hilo swali la Edward. Sisi tumelelewa na vibanda umiza, tunajua steringi hafi na steringi haendi popote, na ukinunua pati tu unategemea yale yale ya pati wani yaongezwe chumvi. Huyu mama kafanya kinyume. Steringi anaondoka sura ya 3 na unakuja kumuona kwa macho tena sura ya 20, na kitabu kina sura 24. Kwa hiyo ndio, anarudi, ila ukisoma huku unachungulia kama kafika utachoka kama abiria anayesubiri basi la saa kumi na mbili mpaka saa sita mchana. Kisome kwa ajili ya pengo lenyewe. Angalia mikono ya Bella: kila akitajiwa lile jina anajikumbatia kifuani, anasema kuna tundu pale, anabana mbavu kama mtu aliyebeba ndoo inayovuja. Hesabu anafanya hivyo mara ngapi sura za mwanzo na mara ngapi akiwa na rafiki yake Jacob kwenye kile kibanda cha gereji. Hapo ndo stori ilipo, na wewe upo sura ya 7, yani upo katikati yake kabisa.

*Habari za kazi Anti. Mimi ni fundi pikipiki hapa Mwanza, mchumba wangu anasoma hivyo vitabu vya vampire mpaka saa nane usiku, nikimpigia anasema subiri namalizia sura. Juzi nimemletea chipsi kuku kaniangalia akasema "we huna hata robo ya Edward". Nimeumia. Huyu Edward ana nini ambacho mimi sina? – Fundi*

Kaka yangu pole, lakini umeniletea kesi rahisi. Tuanze na wasifu wa huyo bwana. Kazaliwa 1901, alitakiwa kufa na ile homa kubwa ya mafua ya 1918 huko Chicago, ile ile iliyopita mpaka huku kwetu ikaua watu wengi baada ya vita, akageuzwa vampaya akiwa na miaka 17 na amebaki na miaka 17 mpaka leo. Yani ni babu aliyevaa sura ya kijana. Usingizi hana. Usiku anapita dirishani anakaa anamwangalia binti akiwa amelala, na hapo ndo mashabiki wanasema awww, sasa hebu we jaribu kuingia kwa dirisha chumba cha binti wa watu pale Kirumba uone kama utaitwa mpenzi au utaitiwa mwizi.

Na hicho kitabu cha pili anachosoma mchumba wako, unajua Edward anafanya nini? Bella anatimiza miaka 18, familia ya kina Edward wanamfanyia pati, anakatwa na karatasi ya zawadi kidoleni, katone kamoja tu ka damu, na mmoja wa ndugu wa Edward anamrukia. Balaa. Edward anaamua kuwa kumpenda Bella ni kumhatarisha, basi anaenda naye msituni anamwambia hamtaki tena, uongo mtupu, anahama na ukoo mzima. Hakumuuliza. Picha zake na zawadi alizompa anaziondoa eti ili asahau, kumbe amezifukia chini ya mbao za sakafu, chumbani humo humo kwa Bella, miezi yote ile binti anakanyaga juu yake hajui! Mi hapo nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji. Mwanaume anakuamulia maisha yako peke yake alafu anasema ni mapenzi, hapana, hapo hata awe na ngozi inayong'aa vipi.

Sasa muulize mchumba wako sura ya 5 ameielewaje. Pale Bella anaokota pikipiki mbili mbovu zimewekwa nje kwa watu, anazipeleka kwa nani? Kwa Jacob, kijana wa miaka 16, mtoto wa rafiki ya baba yake, ambaye kazi yake ni FUNDI. Makubaliano yao ni kwamba Jacob azitengeneze, moja iwe ya Bella, nyingine ndo malipo yake, na amfundishe kuendesha. Anatafuta spea, mikono ina grisi, wanakunywa soda ya moto kwenye kibanda, wanacheka. Na ndo Bella anaanza kuwa mtu tena, kidogo kidogo, ule muda wote wa kukaa naye akimwangalia anavyotengeneza. Edward kamvunja, fundi ndo anaunga.

Siwezi kukudanganya lakini, mwisho wa kitabu fundi hapati mke. Bella anarudi kwa yule babu. Ila wewe si umeshatoa posa? Basi mpelekee chipsi nyingine, ukae naye akusomee kwa sauti hiyo sura ya 5, alafu unijulishe.

*Asalaam aleikum Anti. Mie ni mama wa watoto watatu, Mombasa. Binti yangu wa miaka 14 ameazima hicho kitabu kwa rafikiye shuleni na haachi, hata akila kiko mapajani. Mamangu mzazi naye anasema hayo ni mambo ya mumiani, nikitoe nyumbani, eti zamani walikuwa wakikatazwa kupita karibu na watu wa zimamoto jioni. Nifanyeje? Na je vampire kwa Kiswahili ni mumiani? – Mama wa Kisauni*

Waaleikum salaam dada yangu. Mpe bibi shikamoo yangu kwanza, na mwambie hajachanganyikiwa. Hayo ya zimamoto yalikuwa mazito kweli kipindi cha mkoloni: Nairobi na Kampala watu waliamini kwamba wazimamoto wanakamata watu usiku wanawatoa damu, huku Tanganyika wakaitwa mumiani au chinjachinja, kule Katanga batumbula. Kuna mwanahistoria Mmarekani, Luise White, kaandika kitabu kizima mwaka 2000 kuhusu hizo habari, na yeye wala hakai kubishana kama ni kweli au uongo, anauliza watu walikuwa wanasema nini kuhusu ukoloni wakisema hivyo. Maana fikiria, mtu kaja na gari jekundu, na yunifomu, na mipira mirefu, anachukua kazi zako hujui zinaenda wapi, utasema nini kama si ananyonya damu. Mumiani yenyewe kwa asili lilikuwa jina la dawa, kitu cheusi kama lami walichouza watu wa pwani, ndo baadae ikasemwa inatengenezwa kwa damu ya watu.

Kwa hiyo mumiani si vampaya. Mumiani hana mapenzi, hana huzuni, haendi shule, na hakuna binti hata mmoja wa Kisauni aliyewahi kubandika picha yake ukutani. Wengine wanatafsiri "mnyonya damu" lakini hilo neno lina wenyewe, mtu wa enzi za Azimio la Arusha ukimwambia mnyonya damu anajua unamsema bepari mwenye mirija. Mi naandika vampaya tu, limekaa.

Sasa kwa binti. Kitabu usimnyang'anye, atakisoma chooni kwa tochi ya simu na hapo utakuwa hujui kafika wapi. Mambo ya kitandani unayoyaogopa kwenye hiki cha pili hayapo, mwandishi ni mama wa dini, ni Mormoni, na hao wawili ndoa inakuja mpaka kitabu cha nne. Damu pia ni kidogo kuliko kwenye tamthilia zinazorushwa saa moja jioni tukila. Mi kinachonitia wasiwasi ni kingine kabisa, na sijaona mzazi hata mmoja akiniandikia kuhusu hicho.

Baada ya kuachwa, Bella anagundua kwamba akijiweka kwenye hatari anaisikia sauti ya Edward kichwani ikimgombeza. Mara ya kwanza ni mjini, usiku, anawafuata wanaume asiowajua nje ya baa, anasikia sauti inamwambia rudi. Anaipenda. Kuanzia hapo anazitafuta hatari makusudi, ndo maana anataka pikipiki, anaanguka anashonwa kwenye paji la uso, anaenda mpaka kujirusha baharini kutoka juu ya jabali wakati dhoruba inakuja, na nusura afe. Yote hayo ili asikie sauti ya aliyemwacha. Limeandikwa vizuri na ndo maana linavuta, na mtoto wa miaka 14 anaweza kulisoma akaona ndo mapenzi yanavyotakiwa kuwa, bila kujiumiza haujapenda.

Kwa hiyo kisome na wewe dada, kama Kiingereza kinakusumbua mwambie akusimulie mkiwa mnachambua mchele, watoto wanapenda kusimulia. Akifika pale kwenye jabali, usimhubirie, muulize tu, "ingekuwa rafiki yako wa darasani ndo anafanya hivi ungemwambia nani?" Alafu nyamaza umsikilize.

*Anti, niko Nairobi. Mimi ni fan wa horror tangu utoto na nimechoka na hawa vampire wa mapenzi. Vampire gani anatembea mchana hachomeki, anang'aa kama glita? Huyu mwandishi ameharibu kila kitu. – Mkereketwa*

Kaka Mkereketwa punguza moto. Unajua jua kuua vampaya limetoka wapi? Dracula mwenyewe, yule wa Bram Stoker wa 1897, anatembea London mchana, nguvu zinapungua tu. Kuteketea kwa mwanga wa jua kumekuja na sinema ya kimya ya Kijerumani, Nosferatu, ya 1922. Kwa hiyo hiyo sheria unayoilinda ililetwa na watu wa sinema, na ilipokuja nadhani kuna babu mmoja alilalamika kama wewe. Na hata vampaya mwenye sura nzuri na nguo za kitajiri si jambo jipya, yule wa John Polidori wa 1819 alikuwa bwana mkubwa wa mjini anayevunja mioyo ya mabinti, na Carmilla wa 1872 ni msichana anayempenda msichana mwenzake. Mapenzi yalikuwemo humo tangu mwanzo. Hiyo glita kwa kweli hata mimi sijaipenda, lakini bila hiyo mwisho wa New Moon usingekuwepo, maana Edward anataka kufa kwa kujianika juani saa sita mchana katikati ya umati, ili wakubwa wa vampaya wamuue kwa kuwafichua. Angekuwa anaungua angefia kwao kimya kimya, hakuna haja ya Bella kupanda ndege mpaka Italia.

*Shikamoo Anti. Mimi nafundisha fasihi sekondari Iringa. Nimesikia hiki kitabu ni Romeo na Juliet. Ni kweli au ni watoto wananitania? – Mwalimu*

Hawakutanii mwalimu, na mwandishi hajaficha, Shakespeare kamweka ukurasa wa mwanzo kabisa na darasani kwao wanaisoma Romeo and Juliet hiyo hiyo. Taarifa potofu ndo inafanya kazi yote. Edward anapiga simu nyumbani kwa Bella, Jacob anapokea, anaulizwa baba yuko wapi anajibu yuko mazishini. Yalikuwa mazishi ya mzee mwingine, rafiki wa baba. Edward anaelewa ni ya Bella. Kama Romeo alivyomkuta Juliet kalala akadhani kafa, tofauti ni kwamba huku kuna ndege na gari la wizi la rangi ya njano, wanamuwahi.

Lakini kizuri zaidi cha kufundishia ni sura ya 16, inaitwa Paris, na watoto wengi wanadhani ni jiji. Ni yule mchumba wa Juliet ambaye hakuna mtu anamkumbuka. Bella anajiuliza, je Romeo angeondoka tu na maisha yakaendelea, Juliet angeweza kuolewa na Paris akawa na furaha kiasi? Anamfikiria Jacob hapo. Swali hilo Shakespeare hakuliuliza na mi naona ni swali zuri kabisa la mtihani. Mwalimu Nyerere alitutafsiria Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, hii ya Romeo hakutufikia nayo, kwa hiyo wanafunzi wako wakiingilia mlango wa vampaya waache waingie.

*Mambo Anti, mi ni Mtanzania naishi Kent karibu na Seattle. Forks ni kama masaa manne kwa gari kutoka kwangu. Watoto wangu wanataka twende kuona kwa kina Bella na wale watu wanaogeuka mbwa mwitu La Push. Inafaa? – Mama Wawili*

Nendeni, beba makoti ya mvua, Forks inapata karibu milimita 3,000 kwa mwaka, Dar haifiki hata nusu ya hapo. Mwandishi yeye mwenyewe alikuwa anaishi Arizona jangwani, akatafuta kwenye intaneti sehemu yenye mvua kuliko zote Marekani ndo akaipata, kitabu cha kwanza kaandika hajawahi kukanyaga. Mji ulikuwa wa kukata magogo, sasa hivi kuna gari jekundu la Bella limepakiwa kwa ajili ya kupigia picha, na kila Septemba karibu na tarehe 13, siku ya kuzaliwa ya Bella, kuna sherehe.

Ila La Push niwaambie kitu kabla hamjafika. Pale ni kwa Waquileute, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, watu wa kweli, wana bendera yao na shule yao na serikali yao, kijiji kiko kama maili moja ya mraba mdomoni mwa mto, baharini kabisa. Hadithi yao kwamba wametokana na mbwa mwitu ni ya kwao kweli, kuna Mgeuzaji aliyewageuza mbwa mwitu wakawa watu wa kwanza. Lakini vijana kugeuka mijitu ya manyoya wakawinda vampaya, hiyo ni ya kitabuni, na ule mkataba wao na kina Cullen, familia ya Edward, pia. Baada ya muvi watu walitajirika kwa kuuza makoti na vidani vyenye jina la kabila la watu, wenyewe hawakuulizwa. Ikabidi washirikiane na jumba la makumbusho la Burke hapo hapo kwenu Seattle kuweka maelezo yao wenyewe, nini kweli na nini cha Twilight, kawasomee watoto kabla ya safari. Kilichokuwa kinawanyima usingizi wenyewe ni tsunami, maana shule yao ilikuwa usawa wa bahari, na ni 2012 tu ndo serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuwarudishia ardhi ya hifadhi, zaidi ya ekari 700, wahamie juu.

Na watoto wakiwa kwenye gari wape hii: Kiquileute ni lugha ambayo haina sauti ya m wala n. Waambie wajaribu kuongea Kiswahili dakika tano bila m na n. Hata mama hawatakuita.

Haya, za haraka haraka.

Wa Morogoro aliyeuliza aanze muvi au kitabu: kitabu, kwa sababu kitabuni Edward ni sauti tu, ila watu wa sinema, ile ya 2009, waliona mashabiki hawatavumilia saa nzima bila sura ya Robert Pattinson, aliyemuigiza Edward, wakamweka anatokea tokea kama moshi. Imepunguza makali. Lakini zile kurasa tupu walizipatia, Bella kakaa kwenye kiti dirishani, kamera inamzunguka, kila ikirudi nje majani yamebadilika na mwezi umebadilika yeye yupo vile vile.

Wa Bujumbura ambaye Kifaransa ndo lugha yake ya shule na Kiingereza kinampiga chenga: hiki Kiingereza chake si kigumu, sentensi ni fupi, ni msichana wa miaka 18 anaongea. Usifungue kamusi kila neno, utaichukia. Piga mstari kwa penseli, ukikutana nalo mara ya tatu ndo ulitafute.

Na aliyeniuliza ule mji wa Volterra upo kweli: upo, Toskana, Italia, mji wa zamani sana juu ya kilima. Muvi yake wakaenda kupigia mji mwingine, Montepulciano. Sikukuu ya kufukuza vampaya ya kitabuni ni ya kutunga.

Nilikuwa nishafunga ukurasa ikaingia hii kutoka Tanga:

*Anti nimeenda kwa yule kaka na elfu mbili yake. Nikamwambia kitabu kizima, kosa ni langu. Hakuchukua hela, akaniambia siku ile baada ya mi kuondoka alikitafuta kingine kwenye mzigo akakifungua pale pale kuona, akakuta ni vile vile, akakaa akaanza kukisoma. Yupo sura ya 12. Ananiuliza Edward anarudi? Nimwambie?*

Usimwambie.